Kijana, Kifua na Subira

Wengi wanaopasuliwa ili kunyanyua kifua kilichobonyea ni wavulana wa rika la kubalehe, umri uleule wanaoanza kuambiwa kwamba mwanaume halii. Dk. Donald Nuss wa Norfolk, Virginia, alianza kutumia njia yake mwaka 1987: chuma kilichopindwa hupitishwa chini ya kidari, kisha hugeuzwa, na mfupa uliozama hutoka nje papo hapo. Vidonda ni vidogo, viko ubavuni. Lakini mbavu zilizokaa hivyo tangu utotoni zimelazimishwa mkao mpya kwa dakika chache, na chuma hukaa humo kama miaka 3. Maumivu yake si mchezo.

Hapo swali la zamani la dini huingia wodini. Waislamu hufundishwa kwamba hata mwiba unaomchoma muumini humfutia dhambi. Wakristo humtazama Kristo msalabani. Je, kumtuliza kijana ni kumnyang'anya fungu lake la subira?

Hapana, na ushahidi wa kwanza ni pumzi yake. Anayeuma meno na kunyamaza huvuta pumzi fupifupi na kukwepa kukohoa. Makohozi hutuama, mapafu hayajai sawasawa, nimonia hupata pa kuingilia. Ukimuuliza, atasema hajambo. Muuguzi mzoefu humpa mto aukumbatie kifuani na kumwambia, "Haya mwanangu, kohoa nisikie." Kikohozi kikikatika njiani, dawa haijatosha, hata kama mgonjwa anatabasamu.

Dini zenyewe hazijasimama upande wa mateso. Mtume Muhammad aliwahimiza watu wajitibu. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba muumini halazimiki kukataa dawa ya maumivu. Subira ina thamani kwa sababu mtu ameichagua. Anayeamua kwamba mtoto wa mwenzake avumilie hana subira yoyote ya kujivunia.

Hilo lilichelewa kueleweka, tena kwa gharama kubwa. Mwaka 1985, Washington, mtoto njiti alipasuliwa kifua akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu, bila ya kuzuia maumivu. Wakati huo wengi waliamini kwamba vichanga hawasikii maumivu kama watu wazima. Mama yake alipojua, alipaza sauti. Miaka 2 baadaye, K.J.S. Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, wakati wa upasuaji wa namna hiyo walipata matatizo machache baadaye kuliko wasiopewa.

Leo baadhi ya hospitali hugandisha neva za mbavu kwa baridi kali, dakika 2 kila moja. Kifua hufa ganzi kwa miezi kadhaa hadi neva zikue tena, na vijana hurudi nyumbani mapema. Hata hivyo, maumivu yalikuwa na kazi: yalimzuia kijana kubeba begi zito au kukimbilia uwanjani, na chuma kinaweza kuhama. Sasa kazi hiyo ni ya mzazi, ya mwalimu wa michezo, na ya kijana mwenyewe, ambaye hahisi kitu na anaambiwa asubiri wiki nyingi kabla ya kugusa mpira. Subira hiyo hakuna dawa inayomwondolea, na hiyo anaweza kuichagua.