Sala Iliyonyimwa

Akina mama wakristu wengi hutuuliza: Je, Mungu anisikia? Wameomba miaka na miaka kwa ajili ya mtoto aliyeacha Sakramenti, wala hawaoni badiliko lo lote. Nasi mapadre, na tukiri kosa letu, huwajibu upesi mno, "Vumilia, mama," kisha twaenda zetu.

Tumtazame Mtakatifu Monika. Usiku mmoja wa mwaka 383, huko Kartago, alikesha katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari, akimwomba Mungu kwa machozi amzuie mwanawe Augustino asiende Roma. Augustino alikuwa amemdanganya mamaye kwamba amsindikiza rafiki tu. Kulipokucha, merikebu haikuwapo. Mama akabaki pwani akilia na kumlalamikia Mungu.

Je, alikosa imani kwa kulalamika? Hatudhani. Aliyekata tamaa halalamiki, hunyamaza. Monika alirudi nyumbani akazidi kumwombea mwana yule yule aliyemdanganya, hata baadaye akamfuata ng'ambo ya bahari.

Na safari ile aliyoikataa ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, aliyembatiza Pasaka ya mwaka 387. Augustino mwenyewe akaja kuungama kwa maandishi ya kuwa Mungu alimnyima mamaye ombi la usiku ule, apate kumpa lile aliloliomba siku zote.

Lakini pale pwani Monika hakuyajua hayo. Miaka minne ilikuwa bado.