Kisu Kikali, Breki Nzima



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad. Ndugu zangu waumini, naanza kuiusia nafsi yangu, kisha nawausia nyinyi: tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri, barabarani kama tunavyomcha msikitini.

Ijumaa ya leo nina neno ambalo wengi wataona mahali pake ni gereji, si mimbari. Nataka tuzungumzie sevisi ya pikipiki, na hasa ile inayonunuliwa mkononi kwa mtu, iliyokwisha kupita kwa matajiri wawili watatu. Tukitoka hapa tutazikuta zimejipanga nje. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, vijana wetu wa Kombo, Mtakuja, Miembeni na Mtambani wamelea watoto kwazo na kujenga kwazo. Ni riziki ya halali. Lakini riziki ya halali nayo ina masharti yake.

Waumini wa Vingunguti hatuhitaji kusimuliwa machinjio. Tunalala nayo jirani. Basi tumsikilize Shaddad bin Aus, radhi za Allah ziwe juu yake, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba Allah ameiandika ihsani katika kila jambo, na mfano alioutoa ni wa kuchinja: mchinjaji anoe kisu chake, amwondolee mnyama tabu. Tazameni ilikofika dini hii. Haikuishia kwenye nia, wala haikutosheka na Bismillahi. Imeingia mpaka kwenye makali ya chuma, ikamwambia mja: chombo chako cha kazi kikiwa butu, ihsani yako ina kasoro.

Sasa pimeni wenyewe. Mbuzi wa kuchinjwa atakufa baada ya dakika moja, na bado ana haki ya kisu kilichonolewa. Je, mama aliyepanda bodaboda pale Barabara ya Nyerere na mtoto mgongoni, anayetaka kufika nyumbani akapike, hana haki ya breki inayoshika? Yule mbuzi angalau mchinjaji anakiona kisu chake. Huyu mama haoni kitu. Hajui hali ya cheni, hajui breki imebaki kiasi gani. Amepanda kwa kumwamini dereva tu. Hiyo ndiyo amana, na katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah anatuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe.

Ndugu zangu, tuna msemo mmoja ambao tumeufanya blanketi la kufunikia uzembe. Ikitokea ajali, kabla hata majeruhi hajanyanyuliwa, utasikia: ajali ni kazi ya Mungu. Kadari tunaiamini, na asiyeiamini hana imani. Lakini someni aya ya 92 katika sura hiyo hiyo. Allah anamzungumzia aliyemuua muumini kwa bahati mbaya, asiyekusudia kabisa. Je, amemwachia aende zake kwa kuwa ilikuwa kadari? Hapana. Amemwekea diya kwa familia ya marehemu, isipokuwa wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa muumini; asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Na wanazuoni wa zama zetu, wanapojadili dereva aliyesababisha kifo kwa uzembe wake, wanairejea aya hii. Basi kadari haikumwondolea mja dhima. Mtu aliyejua tangu Jumatatu kwamba breki hazishiki, akabeba abiria mpaka Alhamisi, asimsingizie Mola wake kazi iliyomshinda yeye kwa spana namba kumi na nne.

Na yule anayesema nimetawakali, akumbuke hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi. Bwana mmoja alimuuliza Mtume kuhusu ngamia wake, amfunge ndipo atawakali, au amwache tu na atawakali? Akaelekezwa amfunge kwanza. Kufunga hakupunguzi tawakali. Ndiko mwanzo wake.

Amana hii, enyi waumini, inapita katika mikono minne.

Mkono wa kwanza ni wa muuzaji. Tunazijua hila za soko hili. Injini imechoka na inagonga. Mtu anaijaza oili nzito ili sauti ipotee kwa siku mbili tatu, mpaka pesa ikae mfukoni. Tangi linapigwa rangi, siti inavalishwa kava jipya, waya wa geji unachomolewa ili kilomita zisisomeke. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono wake katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akajitetea kwamba kilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini sehemu iliyolowa asiiweke juu watu waione, kisha Mtume akamtoa mwenye kughushi katika safu yake. Hadithi hii nayo imo kwa Imam Muslim. Mwenye kuuza pikipiki na aseme: ndugu, hii inakula oili. Huenda bei itashuka, lakini baraka itabaki.

Na mnunuzi usiende kichwakichwa. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi. Ukiikuta imekwisha kuwashwa, uliza kwa nini. Iwashe mwenyewe, uangalie bomba la moshi. Moshi wa bluu maana yake oili inaingia kwenye chumba cha mwako, ringi au vali zimechoka. Linganisha namba ya chesesi na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha ubadilishe jina TRA. Kujihadhari na wizi ni sehemu ya kujihadhari na haramu.

Mkono wa pili ni wa tajiri. Wewe uliyempa kijana pikipiki ya hesabu au ya mkataba, kila jioni unataka hesabu yako kamili. Akikuambia breki shuu zimeisha, unamjibu hilo ni lako. Akikuambia leo imelala gereji, unamwambia hesabu hailali. Kisha unashangaa kwa nini hasemi tena! Umemfundisha kuficha. Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Allah ametuamrisha kuandika tunapokopeshana. Basi andikeni na haya: oili nani anamwaga, tairi nani ananunua, injini ikifunguliwa nani analipa, na siku ya sevisi hesabu inakuwaje. Likiandikwa, kijana hatachagua kati ya kusema kweli na kulisha watoto.

Mkono wa tatu ni wa fundi. Fundi, tunakuhitaji na tunakuombea. Lakini kuna kazi moja unayoifanya kwa huruma, na huruma hiyo ni sumu. Breki ya nyuma ya dramu ina mkono wake wa chuma na nati ya kukazia. Breki shuu zikiisha, nati inakazwa mpaka mwisho wa uzi na bado haishiki. Hapo dereva anasema hana pesa ya shuu, nawe unauchomoa ule mkono, unauhamisha jino moja nyuma, unaurudisha. Breki inashika! Kijana anakushukuru, anaondoka. Shuu hazikuongezeka hata unywele. Ulichofanya ni kuiondoa alama iliyokuwa ikimwonya. Akizidi kuzila, kile chuma kinachozisukuma kinaweza kupinduka humo ndani, gurudumu likajifunga lenyewe katikati ya barabara. Sema hapana. Na ukifunga spea ya bei nafuu kutoka Kariakoo, usimtoze mtu bei ya halisi.

Mkono wa nne, ulio karibu zaidi na abiria, ni wa dereva. Kijana wangu, baada ya Swala ya Alfajiri, kabla hujatoka kwenda kijiweni au kupakia nyama ya mabucha kule machinjioni, ipe pikipiki yako dakika tano.

Tazama tairi. Kipara hakina mjadala, hasa wakati wa masika. Upepo upimwe tairi likiwa bado baridi. Kanyaga breki ya nyuma, bana ya mbele, uone kama taa ya nyuma inawaka. Wa nyuma yako anaitegemea. Shika usukani utikise mbele na nyuma huku umebana breki ya mbele. Ukigonga, goroli zake zimelegea.

Kisha inama kwenye cheni. Isukume kwa kidole juu na chini, katikati ya sproketi mbili. Kwenye nyingi ya hizi Boxer na TVS, ichezecheze kiasi cha sentimita mbili hadi tatu. Ikikaza mno inakula beringi. Ikilegea inaruka, na ikiruka ukiwa kwenye mwendo inaweza kulifunga gurudumu. Angalia na loki yake: upande uliofungwa uelekee kule cheni inakokimbilia, uliopasuka ubaki nyuma. Kibanio hicho kikifungwa kinyume kinaweza kuchomoka.

Mwisho, oili. Injini hizi hubeba kiasi cha lita moja tu, na oili hiyo hiyo inahudumia pistoni, gia na klachi. Ikipungua, vyote vitatu vinaumia pamoja. Isimamishe pikipiki wima, iache itulie, ndipo usome kiwango. Usingoje taa ikuonye, maana nyingi hazina taa hiyo. Na usimwage oili ya gari ndani yake kwa kuwa umeipata bure. Baadhi yake zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Ea klina nayo isisahaulike, kwa vumbi hili la mitaa yetu.

Na unapompa pikipiki deiwaka anayekushikia zamu, mwambie kila ugonjwa unaoujua. Ukimficha, ukaenda kulala, dhambi haikulala nawe.

Jambo dogo la mwisho ni oili chafu. Tunaimwaga mchangani au mtaroni, mvua inaikokota mpaka Mto Msimbazi, na Msimbazi unaipeleka baharini pale Salender. Njiani kuna bustani za mchicha tunaoula. Kuondoa udhi njiani ni tawi la imani. Basi kumwaga udhi ni nini? Ikusanyeni kwenye dumu pale gereji, apewe anayeichukua kwa kazi nyingine.

Nanyi abiria mnaosema kimbiza nimechelewa, mnaokubali kupanda mshikaki watatu kwa siti moja, nanyi mnachangia. Mwulizeni dereva kuhusu breki bila aibu. Na kijana akiulizwa asikasirike, kwani ameulizwa juu ya amana ya mtu mwenyewe.

Napendekeza jambo moja tulitende wiki hii. Kila kijiwe kilicho karibu na msikiti huu kitenge asubuhi moja, madereva wakaguane pikipiki wao kwa wao. Atakayekutwa breki zimeisha na hana pesa, achangiwe na wenzake siku ile ile. Shuu si ghali kuliko sanda. Hiyo ni sadaka ambayo thawabu yake itakwenda na kila abiria atakayefika salama.

Ewe Mola wetu, wabariki vijana wetu katika riziki yao. Wape matajiri moyo wa uadilifu, mafundi ulimi wa kweli, na madereva subira. Waponye waliolazwa hospitali za Amana, Muhimbili na MOI, uwarehemu waliotutangulia barabarani, uwape subira mayatima na wajane wao. Tujaalie ihsani katika kila kazi ya mikono yetu.

Nasema haya, nami namwomba Allah msamaha kwa ajili yangu na kwa ajili yenu. Basi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.