Hewa Inapimwa kwa Debe Gani?

Ada yangu ya muhula wa kwanza chuoni ililipwa na makaa. Susu aliyachoma nyuma ya boma, upande wa Kitui wa Mto Athi. Ng'ambo ni Makueni. Chuo sikumaliza, lakini miti ilikuwa imeshaungua.

Juzi nikisoma kuhusu mikoko nilikumbuka tanuru lake. Alipanga magogo ya mgunga, akayafunika nyasi, kisha udongo, akaacha vitundu vichache tu. Hewa ikiingia nyingi unapata majivu. Kumbe matope ya mikoko yanafanya kitu kama hicho, bila moto. Majani ya mkoko hufyonza hewa ya ukaa, na yakianguka huzama pamoja na mizizi iliyokufa kwenye tope lisilo na oksijeni, hivyo hayaozi haraka. Ukaa unalala pale hata karne nyingi. Tope lenyewe linabana hadi mizizi ya mchu inabidi ichomoze juu kama vidole ndio ipumue. Si kwamba halitoi kitu: hutoa hewa ya ukaa na methani pia. Kinachoangaliwa ni kilichoingia ukitoa kilichotoka.

Na hesabu hiyo inalipwa. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza kaboni mwaka 2013: hekta 117, karibu tani 3,000 kwa mwaka. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Vizuri kabisa, sina kinyongo. Lakini 2018, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku kusafirisha makaa nje ya Kitui. Mmoja analipwa asikate, mwingine anashikwa akikata. Sasa nani kati yao ni mwema zaidi?

Utaniambia hekta ya mikoko hushika ukaa mwingi kuliko nyika yetu. Ni kweli. Lakini hiyo ni sifa ya tope, si ya mtu. Hakuna aliyechagua kuzaliwa karibu na bahari.

Tena hilo tope! Athi ikitupita inaitwa Galana, halafu Sabaki, na inaingia baharini kaskazini mwa Malindi ikiwa ya kahawia kwa udongo wa huku juu. Pale mdomoni kuna mikoko. Huenda kipande cha shamba la susu, kilichokosa miti ya kukishika, kiko kule kikihifadhi ukaa. Kudai malipo kwa hilo ni kama kudai zawadi kwa kumwaga maziwa yaliyomshibisha paka wa jirani, najua. Ila aliyemwaga alikuwa na watoto wa kusomesha, na makaa yenyewe yaliishia kwenye majiko ya Nairobi, kwa watu kama mimi.

Nilimpigia susu nikamweleza yote. "Hewa?" akauliza. "Na wanaipima kwa debe gani?" Tukacheka sana. Kisha akataka kujua kama huku bado napikia makaa.

Jiko lilikuwa limewaka. Nikamwambia githeri iko karibu kuiva.