Amana ya Breki

Kule Abingdon, Uingereza, baina ya 1962 na 1980, yalitengenezwa magari madogo ya spoti yaitwayo MGB, zaidi ya 500,000. Mengi yamelala miaka mingi mabandani chini ya turubai, yakiwangoja wenyewe wastaafu. Siku ya kufunuliwa huwa ni siku ya furaha: rangi ingali yameta, viti vyanukia ujana wa mtu. Mwenye gari hutia petroli mpya, na baada ya mikohoo miwili mitatu injini hunguruma. Je, sasa ana haki ya kutoka nalo barabarani?

Swali hili silo la fundi peke yake. Tangu Mei 2018, nchini humo gari lililotimiza miaka 40 halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ilimradi sehemu zake kuu hazikubadilishwa mno katika miaka 30 iliyopita. Sheria haikumwondolea dereva wajibu wa kuwa na gari salama. Imemwondolea mkaguzi tu. Amebaki yeye na nafsi yake, ndani ya banda.

Na hapo ndipo penye mtihani, kwani maradhi ya gari lililolala aghalabu hayaonekani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Kwenye mteremko mrefu, breki zikipata moto, maji yale huwa mvuke, na pedali ikazama pasipo kushika. Tairi lisilolika hata kidogo huwa na nyufa ubavuni. Kutu hula kutoka ndani mihimili iliyo chini ya milango, nayo katika MGB, isiyo na chasisi ya peke yake, ni mithili ya uti wa mgongo.

Wapo wapenzi wa uasili watakaouliza: ukibadilisha bomba hili na mpira ule, gari ni lile lile? Swali zuri, la kunywea kahawa barazani. Ila mtoto avukaye njia halimhusu. Sisi wa visiwani twalijua jambo hili kwa vyombo vyetu. Jahazi likikaa mchangani muda mrefu, mbao hukauka na viungo hufunguka. Nahodha mwenye kujiheshimu hapakii abiria kabla ya kutia kalafati, hata pasipokuwa na wa kumuuliza.

Kazi yenyewe haina fahari. Ni kulala chali chini ya gari, kufungua mabomba, kumwaga mafuta meusi, kugonga chuma na kusikiliza. Kiangazi kizima chaweza kupita, rangi ni ile ile, na jirani achunguliaye uani akauliza mbona gari halijatoka.