Mlango Usiofungwa na Kipindupindu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyekiumba kiwiliwili cha mwanadamu kwa vipimo.

Enyi ndugu zetu, mwili umejengwa kwa seli ndogo mno zisizoonekana kwa jicho tupu. Kila seli imezungukwa na utando, mfano wa ukuta wa nyumba. Ukuta huo una milango, na kila mlango una kilichopewa idhini ya kupita.

Katika utumbo mdogo uko mlango wa ajabu: chumvi na sukari hupita hapo pamoja, wala kimoja hakipiti bila ya mwenziwe. Vikisha kuingia, maji huvifuata. Mtaalamu Robert Crane aliueleza mlango huu mjini Prague mwaka 1960.

Basi na tukitazame kipindupindu. Sumu yake huzifanya seli za utumbo zimwage chumvi na maji bila ya kusita, hata mgonjwa akakauka na kufa kwa saa chache. Akinywa maji matupu hayamtoshi, kwani hayamrejeshei chumvi iliyompotea. Lakini mlango ule haukufungwa! Mwaka 1971, katika vita vya Bangladesh, wakimbizi waliugua kwa wingi huko Bongaon, India. Maji ya kutia mishipani yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha maji ya chumvi na sukari. Vifo vilivyokuwa vikifikia 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Je, tuna udhuru gani sisi, na chumvi na sukari zimo majikoni mwetu? Bado wako miongoni mwetu wamfungao hirizi mtoto anayeharisha, na wamnyimao maji wakidhani ndiyo yazidishayo kuhara. Kutawakali si kuacha sababu. Aliyeuacha mlango wazi hakuuacha bure.

Mtoto apewe dawa ya pakiti ichanganywayo na maji. Ikikosekana, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mtie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Msizidishe chumvi, kwani hudhuru. Anyweshwe kidogo kidogo, wala asikatizwe ziwa la mama. Akilegea, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, akimbizwe hospitali pasi na kungoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuijua neema yake na kuitumia kabla ya majuto. Amin.