Msusi Wako Ni Mwalimu, Muulize!

Rasta nyembamba hazisukwi kwa dakika. Hata wasusi watatu wakikushika kichwa kwa pamoja pale Kenyatta Market, Nairobi, utakaa saa kadhaa. Muda huo wote utaufanyia nini? Wengi huinamia simu. Wewe tega sikio. Umekalia darasa la lugha lisilodai karo: msusi mmoja anamteta mwenzake kwa Kijaluo, wa pili anapokea simu kwa Kikamba, na huko kwenye nyama choma watu wanapatana bei kwa Kikuyu. Kenya ina lugha zaidi ya 40. Kadhaa kati yake ziko hapo, umbali wa mkono.

Au wewe ni mmoja wa wale wanaonung'unika kwamba wasusi wakibadili lugha wanakusengenya? Dawa ya hilo si kununa. Jifunze!

Anza na kidogo. Usijitwike Kijaluo chote kwa siku moja. Shika mambo manne tu: salamu, jibu lake, asante na kuuliza bei. Ukifika asubuhi, sema "Oyawore". Unataka kujua bei? "En pesa adi?" Msusi akimaliza kazi, mwambie "Erokamano". Kwa muuza nyama Mkikuyu, msalimu "Wĩ mwega?" kisha umuulize, "Nĩ mbeca cigana?" Fundi Mkamba akikurudishia suruali iliyokatwa vizuri, mshukuru kwa "Nĩ mũvea". Mluhya mpe salamu ya "Mulembe". Mkalenjin mwambie "Kongoi", atajua umemshukuru.

Tena mzigo si mzito unavyodhani. Nyama ni nyama kwa Kikuyu na kwa Kikamba, na Mkisii huiita enyama. Hapo Kiswahili chako kimekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Kwa Kijaluo itabidi uanze upya, maana huko nyama ni ring'o. Basi palipo pageni ndipo pa kutia bidii.

Utachekwa, ndiyo. Cheka nao! Kuuliza si ujinga. Mwombe msusi arudie polepole, sema baada yake, kisha kesho umjaribie mtu mwingine, kondakta au mama mboga. Neno lisilotumika husahaulika kabla rasta hazijafumuliwa.

Bidii hiyo haitaishia Nairobi. Ukipata safari ya Lomé, Togo, au ya mji wa Ho nchini Ghana, utakuta lugha ya Kiewe. Mwenyeji akikuambia "Woezɔ", amekukaribisha, nawe jibu "Yoo". Asubuhi salimia "Ŋdi", na kwa shukrani sema "Akpe". Kiewe ni ndugu wa mbali wa Kiswahili, lakini kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, jambo lililomo pia katika Kijaluo. Aliyezoeza sikio kwa wasusi wa Kenyatta Market hatafika huko mikono mitupu.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda wingi wa lugha za Wakenya. Vyema. Lakini serikali haitakusalimia jirani kwa niaba yako. Hiyo ni kazi ya ulimi wako.

Na kazi hiyo ina uzito. Karibu na Kenyatta Market kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako wagonjwa hutumwa kutoka kila pembe ya nchi. Bibi kizee aliyesafirishwa kutoka Siaya akikaa karibu nawe kwenye benchi, huku Kiswahili chake ni cha kubahatisha, salamu yako moja ya Kijaluo inaweza kumwonyesha kwamba hajapotea ugenini. Huhitaji shahada kumfanyia hilo.

Basi usingoje kozi, usingoje Januari. Chagua lugha moja, muulize mwenyewe neno moja, na ulitumie kabla jua halijatua. Kesho ongeza la pili. Ulimi unao, walimu wamekuzunguka. Sema!