Deni la Kumbukumbu: Maadili ya Kuandika Habari za Maisha Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Swali la nani mwenye haki ya kuandika anayoyakumbuka, na kwa masharti gani, lina uzito wa pekee katika Garissa, Wajir na Mandera, kwa kuwa mengi yaliyowapata watu wa huko yamehifadhiwa zaidi vifuani kuliko katika nyaraka. Kisomali, lugha ya wakazi wengi wa eneo hilo, kilipata maandishi rasmi nchini Somalia mwaka 1972 tu, na mtoto wa wafugaji hufundishwa kukariri abtirsi, yaani orodha ya mababu zake mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo anayeandika tawasifu, yaani habari za maisha yake mwenyewe, huichukua mali ya wengi na kuitia chini ya jina lake, na hapo ndipo suala la deni, ambalo dini imelizungumzia, linapoingia.

Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu deni: inaagiza liandikwe, liwe dogo au kubwa, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo, huku ikizingatia hata uwezekano wa shahidi kusahau na kukumbushwa na mwenzake. Anayetoa imla, yaani anayetamka maneno ili yaandikwe, ni mdaiwa wala si mdai, kwa sababu kauli ya mtu juu ya nafsi yake ina nguvu kuliko ile anayoitoa dhidi ya mwingine.

Kanuni hiyo inamfaa sana mwandishi wa kumbukumbu. Mnamo Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume, wengi wao wa ukoo wa Degodia, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na mji wa Wajir, vikawazuilia kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Aliyenusurika pale ni mdai mbele ya waliotenda, lakini mbele ya waliokufa ubavuni mwake ni mdaiwa, kwa kuwa ametoka na sauti ambayo wao hawakutoka nayo. Masimulizi yake hupata uzito pale anapoanza na upande wa pili, akataja hofu yake na ukimya wake kabla ya kutaja makosa ya wengine.

Huenda ikadaiwa kwamba dini inaamrisha sitara, yaani kufunika aibu za watu, na kwamba inakataza kusengenya. Hata hivyo Imamu al-Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13, alitaja hali sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa anayelalamikia dhuluma. Aibu ya nyumbani ina haki ya kufunikwa. Damu iliyomwagwa haina, hata kama Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali na mashtaka kwa yaliyotendwa eneo hilo wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya 1960, kati ya serikali na waliotaka eneo hilo lijitenge.

Uadilifu wa mwandishi hupimwa pia kwa anavyotenga alichokiona na alichosimuliwa, kama wanazuoni wa Hadithi wanavyodai isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi. Serikali ilisema waliokufa Wagalla walikuwa 57, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ikakubali kwamba huenda walikaribia 1,000. Aliyelazwa kifudifudi juani hakuweza kuhesabu uwanja mzima, na ushahidi wake hauhitaji hesabu hiyo: aliowajua waliolala kulia na kushoto kwake wanatosha, mradi asiwaongeze wala asiwapunguze.

Aya hiyohiyo ya deni inamkataza mwandishi kukataa kuandika, naye anapaswa kukumbuka kwamba ni Mungu aliyemfundisha. Agizo hilo linawahusu vijana wa Garissa waliosoma, ambao wazee wao wana mengi ya kutoa imla na hawana mkono wa kuyaandika. Kuandika hakulipi deni, lakini deni huandikwa kwa sababu siku ya kulipwa haijafika, na mzee anayezikwa kabla ya kuandikiwa huzikwa na hati ya watu wengi.